Hamu ni Mnyama Gani

Dada yangu alipotuambia kwamba watu wa mchumba wake wanasali Jumamosi, mama alichukua kikaango chetu cha zamani akakipeleka kwa jirani na kumwambia akae nacho moja kwa moja. Kikaango kile kilikuwa kimekaanga nguruwe tangu mimi sijazaliwa. Mama alisema hata ukikisugua kwa jivu mpaka kitoboke, mkwe akiingia jikoni atakinusa tu. Sufuria zote akazisugua. Majani ya chai akaacha kununua, maana tulisikia hata hayo hawayataki, akapanda mchaichai nyuma ya bafu. Yote hayo kwa ajili ya ugeni ambao ulikuwa bado haujapangiwa siku.

Nayasema haya mwanzoni ili ieleweke kwamba nyumbani kwetu kila mtu alijua. Hakuna aliyesahau wala aliyedharau. Wakati mwingine natamani ingekuwa nilisahau, kwa sababu mtu aliyesahau husamehewa kirahisi.

Sisi ni wa Tunduma, Wakristo wa kusali Jumapili, na Tunduma kitimoto kiko kila kona. Vibanda vimeandikwa "Pork" kwa rangi nyekundu, na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka hukaa hapo mpaka jioni wakila na ndizi na pilipili. Mchumba wa dada alitoka kule chini bondeni, upande wa Ndalambo, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Walijuana mnadani, ambako dada alikuwa akiuza chakula. Dada alikuwa amefikia umri ambao majirani huacha kuuliza "lini" na kuanza kuuliza "kwa nini". Huyu kijana alimpenda kweli, na yeye alimpenda, na kilichobaki ni wazee wa pande mbili kukaa na kuzungumza. Wazee wakielewana, dada anaolewa. Wasipoelewana, anarudi mnadani na vyombo vyake, na watu wanaendelea kuuliza.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo sipendi kuyataja hata sasa. Nilikuwa nyumbani, naoka keki kwa mkaa, naziuza mtaani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye majarida ya Kiingereza, yale ya zamani yanayouzwa kwa kilo kwa watu wa kufungia maandazi. Nilikuwa naenda kuyachambua, nachukua yenye kurasa za mapishi, halafu nakaa nayo usiku mzima nikipambana na neno moja moja. Kwa hiyo nilijua vitu vingi kwa vipande. Nilijua kutenganisha kiini na ute wa yai kabla sijajua jina la mashine ya kupigia yai. Pale penye pengo nilijaza mwenyewe, kwa kukisia, na nikishakisia nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kuuliza kulinishinda. Nilihisi nikiuliza swali moja tu, watu watajua kwamba sijui na mengine yote.

Keki ikiinama upande siiuzi. Naibomoa nawapa kuku. Mama alikuwa akisema, "Kuku wa nyumba hii wanakula keki kuliko watoto wa mtaa mzima." Alisema akicheka, lakini unga ulikuwa wake.

Siku ya ugeni ilipopangwa, mama alisema tutapika wali, kuku, na mchuzi wa ng'ombe. Nilikataa. Nilimwambia, "Mama, wale ni watu wa ng'ombe. Utawapikia ng'ombe wa mchuzi, watakula huku wanajua kwao wanapika vizuri zaidi. Tuwape kitu ambacho hawajawahi kukiona."

"Kitu gani?"

Nikamletea jarida. Lilikuwa na picha iliyochukua ukurasa mzima, paja zima la nyama limekaa juu ya sinia, jekundu la kahawia, linang'aa kama mlango uliopigwa vanishi. Limechanjwa mistari inayokatana, ikiacha vipande vya umbo la kashata, na katikati ya kila kipande imechomekwa karafuu moja. Pembeni kulikuwa na duara za nanasi. Juu iliandikwa ni ham, ya kuoka, iliyopakwa maji mazito ya nanasi na sukari. Nilikuwa nimeutazama ukurasa huo kiasi kwamba karatasi ilianza kulegea.

"Ni nyama gani?" mama akauliza.

"Ni hamu. Ni ng'ombe."

Hapo ndipo kosa lilipo, na nimejaribu mara nyingi kulieleza bila kujitetea. Jarida lingine nililokuwa nalo lilikuwa na mapishi ya hamburger, na hayo nilikuwa nimeyaelewa vizuri, neno kwa neno: nyama ya ng'ombe iliyosagwa. Nikajiambia kwamba kama hamburger ni ng'ombe, basi ham ni ng'ombe kabla hajasagwa. Nililifurahia wazo hilo. Niliona nimefumbua kitu mwenyewe, bila mwalimu. Na nguruwe nilijua anaitwaje kwa Kiingereza. Mji mzima ulikuwa umeandikwa "Pork".

Nyama hiyo Tunduma haikuwepo. Nilivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwenye duka moja lenye friza kubwa, wakati ule wa karibu na sikukuu ambapo huleta vitu kutoka Lusaka. Ilikuwepo. Ilikuwa imefungwa kwenye wavu mweupe, nzito kama mtoto mchanga. Namshukuru Mungu kwamba niliuliza, halafu nakumbuka nilivyouliza, naona aibu tena.

"Hii si pork?" nilimwambia muuzaji.

"Awe, sista," akasema, yaani hapana, kwa Kibemba. Akanyoosha kidole kwenye friza ya pili yenye vipande vibichi. "Pork ni ile kule. Hii ni ham."

"Kwa hiyo si pork."

"Ham ni ham. Wewe wataka ipi?"

Yule kaka hakunidanganya. Kwake pork ilikuwa ile mbichi, na ham ni kitu kingine kwa bei nyingine, kama kwetu ukiomba mahindi hupewi unga. Ningesema tu, "Inatoka kwa mnyama gani?" angenijibu. Lakini swali hilo lingenionyesha mshamba mbele ya foleni ya watu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani ili nionekane mtu anayenunua ham mara kwa mara.

Sikuwa na nyama ya kufanyia mazoezi, nikafanyia papai bichi. Nilichanja ngozi yake kwa kisu, mshazari huku, mshazari kule, nikachomeka karafuu, nikapima kwa jicho kama vipande vimelingana. Havikulingana. Nikachukua papai lingine. Dada alinikuta nimekaa na mapapai yamejaa misumari ya karafuu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, unanipatia mume au unamroga?"

"Nataka iwe sawa."

"Itakuwa sawa," akasema. Akachukua papai moja akalipapasa. "Wakwe zangu watasema huyu kwao wanakula kwa rula."

Alifurahi siku zile. Sijawahi kumwona amefurahi vile kabla wala baada.

Siku yenyewe niliamka kabla ya kuku. Niliichemsha nyama kwanza kama jarida lilivyosema, na maji ya kwanza yakawa chumvi tupu. Nikayamwaga, maji ambayo mama alikuwa ameyanunua kwa dumu. Ngozi nikaichuna. Mama aliingia, nikamwambia jikoni leo ni kwangu, lakini alishaona.

"Mafuta meupe hivi?"

"Ng'ombe wa kizungu, mama. Hawatembei malishoni, wananona."

Alisimama kidogo. Ilinuka moshi na chumvi, kwa sababu ilikuwa imekaushwa huko ilikotoka, na harufu ile haikufanana na chochote alichokijua. Akasema, "Haya. Wewe ndiye unayesoma hayo makaratasi." Akarudi kwenye wali wake. Sikuona wakati ule kwamba alikuwa ameniuliza kwa mara ya pili.

Nanasi nililisaga, nikalichuja, nikalichemsha na sukari guru na tangawizi mpaka likawa zito la kuvutika kwenye kijiko. Haradali iliyotajwa sikuipata, nikaweka ndimu. Jirani anayeoka mikate aliniachia oveni yake ya pipa, na mimi nilikaa mbele ya mlango wa pipa lile nikifungua, nikipaka, nikifunga, nikifungua tena. Kila nilipopaka, rangi ilizidi kuiva. Sukari ilianza kuchemka kwenye mistari, mafuta yakanyanyuka kati ya karafuu, na nikaona picha ya jarida inajitokeza pale pale Tunduma, kwenye pipa la mafuta ya gari. Nililia. Sitaficha hilo. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza kitu nilichokitengeneza kilifanana na kile nilichokuwa nacho kichwani.

Wageni wakafika mapema, watatu: mama wa kijana, shangazi yake, na baba yake mdogo ambaye ndiye msemaji. Walikuwa wametoka Ndalambo alfajiri na vumbi lilikuwa limewajaa kwenye nyusi. Kwa upande wetu msemaji alikuwa mjomba, kaka yake mama, anayekaa Ibaba, kule juu Ileje. Hakuwa amefika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya mlimani na gari lao lilikwama. Bila mjomba mazungumzo hayawezi kuanza, na kwa kawaida chakula kinakuja baada ya mazungumzo.

Mama alitaka tusubiri, tuwape uji kwanza. Mimi nilimvuta pembeni. "Ikipoa haing'ai," nilimwambia. "Sukari inafifia." Alinitazama, akatazama wageni waliochoka, akakubali. Kwa hiyo hilo nalo ni langu.

Nililibeba sinia mwenyewe. Nakumbuka jinsi mazungumzo yalivyokatika walipoliona. Shangazi alisema "Yesu" kwa sauti ndogo. Baba mdogo akainama kuangalia karafuu kwa karibu, mikono mgongoni, kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Hii inaitwaje, binti?"

"Inaitwa hamu, baba."

"Hamu tunayo tangu alfajiri. Nyama inaitwaje?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, nikaanza kukata. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, na alisema sala ndefu kabla ya kula, akimtaja dada yangu humo kama "binti yetu". Nilimwona dada pale mlangoni ameshika jagi la maji ya kunawa, macho yamefumbwa, na midomo yake inafuata sala ile.

Walikula. Baba mdogo alitafuna, akasimamisha taya, akatafuna tena. "Sisi ng'ombe tunamjua tangu akiwa tumboni," akasema. "Huyu wa kwenu kafundishwa wapi kuwa na sukari? Alikuwa analishwa miwa?"

"Kula, acha maswali," shangazi akamwambia. "Kwako unapewa nyama na chumvi, hata pilipili unaombea."

Mama wa kijana alimaliza, akaninyooshea sahani. "Niongeze mwanangu. Hapo kwenye kung'aa."

Nikamwongeza. Nilimkatia upande ulio bora kuliko yote, wenye kashata mbili ambazo karafuu zake hazikuungua.

Mjomba aliingia wakati huo. Matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Aliomba radhi kwa wageni, akanawa, akaketi kwenye jamvi, na mama akamwekea kipande. Mjomba alikuwa mtu wa maneno mengi, na katika ujana wake alifanya kazi migodini huko Zambia, kwenye shaba. Alitafuna. Uso wake wote ukafunguka.

"Dada," akamwambia mama, "huyu nguruwe wa moshi mmempata wapi? Mara ya mwisho nilimla mgodini, Krismasi, kwa wazungu. Na walimtia nanasi hivi hivi."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa amesahau, au hakuwa ameambiwa vizuri, wageni ni wa kusali siku gani. Alikuwa anasifu.

Shangazi alirudisha mkono kwenye sahani, taratibu, na kuufungua. Mama wa kijana alikuwa na tonge mdomoni. Alikuwa ameacha kutafuna na alikuwa anatafuta kwa macho mahali pa kulitema, na pale chumbani, mbele za watu, kwenye nyumba ya ukwe, hapakuwa na mahali. Nilikuwa nimepiga magoti karibu yake na kisu. Nikanyoosha kiganja. Alisita, halafu akaweka pale, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Ilikuwa na joto. Nilibaki nimeishika.

Baba mdogo hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi, si mama wala mjomba.

"Binti, nilikuuliza. Hii ni nyama gani?"

"Ni hamu, baba."

"Hamu ni mnyama gani?"

Nilifungua mdomo nimwambie ng'ombe. Neno lilikuwa tayari, nilikuwa nimelisema mara nyingi kiasi kwamba lilikuja lenyewe. Lakini nilimwona mjomba amesimamisha mkono hewani, nikaona mafuta meupe kwenye sinia, mama amenitazama, na nikajua. Nilijua mara moja, kama mtu aliyewasha taa, kwamba nilikuwa nimeliona hilo mapema na sikutaka kulitazama.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo sikuwa nimewahi kulisema mbele za watu. Lilitoka na sauti ndogo ya kitoto. Nyuma yangu nilisikia dada anaweka jagi chini.

Shangazi alitoka nje, tukamsikia anatapika karibu na mchaichai. Mama alipiga magoti mbele ya mama wa kijana, akashika miguu yake, akasema hakujua, watoto hawakujua, na mjomba naye akasema mengi. Wale watu hawakututukana. Nadhani wangetutukana ingekuwa nafuu. Mama wa kijana alimwinua mama, akamwambia, "Inuka, mwenzangu, sisi ni wa njia, acha twende." Baba mdogo akasema watakwenda nyumbani kwanza, mazungumzo yatangoja. Wakanawa kwa muda mrefu. Wali na kuku havikuguswa.

Walipoondoka, mama aliniambia niende nikalale. Dada alikuwa anakusanya vyombo.

"Ungeuliza tu," akaniambia. Hakunitazama. "Ungeniuliza mimi, nisingecheka."

Baada ya hapo hakusema nami kwa muda ambao sikuuhesabu, na sitaki kuuhesabu sasa.

Ndoa haikuvunjika. Hilo nilipaswa kulisema mapema, lakini sipendi lisikike kama ndilo la maana. Kijana alisimama imara kwao. Wazee walikubali, kwa sharti kwamba dada, ambaye alikuwa abatizwe kanisani kwao vyovyote vile, aende kwanza akakae kwa mke wa mzee wa kanisa kule Ndalambo, ajifunze jiko lao. Wanawake wengine walioolewa hapo kutoka makanisa ya Jumapili hawakuambiwa hivyo. Walifundishwa Biblia, wakabatizwa, basi. Dada alikaa kule msimu mzima wa mahindi. Alipika akitazamwa. Alisugua vyungu vya watu. Yeye ambaye tangu mwanzo ndiye aliyetuambia hawali nini, ndiye aliyewekwa darasani.

Nilikwenda kumtembelea akiwa ameshapata mtoto wa pili. Mama mkwe wake alinipokea vizuri, kwa ile sauti yake ya chini, akaniuliza habari za mama, akaniuliza keki zinaendaje. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Walikuwa wamechinja mbuzi kwa ajili yangu.

Dada alitoka nyuma ya nyumba na beseni la nyama limefunikwa. Hakwenda jikoni. Alipitia kwa mama mkwe, akapiga goti, akafunua. Kwato za mbuzi zilikuwa zimewekwa juu ya nyama, mbili, na manyoya yake. Mama mkwe hakuinua macho kwenye ungo.

"Funika, mwanangu. Inzi."

Dada akafunika, akaenda zake. Punde kidogo mke wa shemeji yake akapita na beseni lake la maini na utumbo, moja kwa moja mpaka jikoni. Hakusimama mahali.

Nilimfuata dada jikoni. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa.

"Mwenzako mbona haonyeshi?"

"Nani?"

"Huyo. Nyama yake hakumwonyesha mama."

Dada alikuwa anatafuta kisu. Aliwaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga kilemba upande ule na si huu. Nikaona kwamba lilikuwa limeshamwingia mkononi, analifanya bila kuliona, na pengine hata mama mkwe hakumbuki tena kwamba aliwahi kulitaka.

"Ah," akasema. "Yeye hana haja." Akanisukumia vitunguu. "Kaa hapo umenye. Usivikate, nitakata mwenyewe."